Weka fagio chini kwanza, maswali baadaye (kwa mleta uzi wa duka la Kijenge)

Acha kufagia. Sasa hivi. Maswali yako matatu, la alama za vidole, la vinasaba (DNA) na lile lingine, yatasubiri.

Umeandika kwamba duka lako la madaftari na vifaa vya shule hapo Kijenge, Arusha, limevunjwa usiku, kioo cha dirisha la nyuma kimepasuliwa, kuna matone ya damu kwenye kaunta, umeshachukua RB (namba ya taarifa yako kituoni) na umeambiwa mpelelezi atafika saa nane mchana. Mpaka hapo uko vizuri. Halafu mstari unaofuata unasema, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba binti anafagia vioo wateja wasijikate, na taulo lenye damu umelifunga kwenye mfuko wa nailoni "lisiharibike". Aisee! Nilikuwa nakunywa chai, nikaweka kikombe chini.

Makosa hayo mawili nimeyafanya mimi, tena kwa mpangilio huo huo. Moshi, Majengo, Aprili 2018, duka la spea za pikipiki. Duka bado ninalo. Aliyeondoka ni mtu.

Nilikuwa na kijana wa kazi, namwita dogo, anatokea Rombo. Alilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja na duka. Usiku ule masika yalikuwa yamefungulia, na anayejua mvua ya Moshi juu ya bati anajua kwamba hata ukiamshwa kwa tarumbeta husikii. Asubuhi dogo ndiye aliyegundua, akanipigia simu sauti inatetemeka. Nikafika. Kabla sijamaliza kushangaa, shemeji yangu naye akafika.

Huyu shemeji, mume wa dada yangu, aliwahi kuwa mlinzi wa ghala miezi sita, basi kwenye familia yetu ndiye mkuu wa upelelezi. Akatazama, akashika kiuno, akasema: "Polisi wakikuta pamechafuka hivi watakuona mzembe. Fagieni." Nami nikafagia! Mji huu una Shule ya Polisi, askari wa nchi nzima wanapikwa hapa, na mimi nikachukua mafunzo kwa mtu anayeuza mkaa. Tukafagia ndani. Shemeji akafagia na nje, akasukumia vioo vyote mtaroni, maji ya mvua yakamalizia kazi. Vilivyobaki vimening'inia kwenye fremu nikavigonga kwa nyundo vyote vikaanguka, eti visimkate mtoto wa mtu. Tukapiga deki na Jik. Pakang'aa kuliko siku ya kufungua duka.

Saa tano akaja mpelelezi, mwanamama mmoja mtulivu. Hakuingia. Alisimama mlangoni, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti, akaangalia dakika mbili nzima bila kusema neno. Kisha akauliza, "Kioo kiko wapi?"

Nikajibu kwa fahari, naapa, kwa fahari: "Tumeshafagia, afande."

"Kilianguka ndani au nje?"

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama dari. Nikasema, "Pote."

Mkuu, hilo neno "pote" ndilo lililompeleka dogo mahabusu.

Mtu akipiga kioo kutoka nje, vipande vingi vinaangukia ndani, upande nguvu inakoelekea. Vichache vidogo vinarudi nyuma na kumrukia mpigaji, vinaingia kwenye nywele, kwenye kola, kwenye mapindo ya suruali. Kwa hiyo mahali vilipoangukia ni ushahidi kabla hata hujaviokota. Mtu wa ndani anayetaka kuigiza wizi naye huvunja kioo, ila mara nyingi anavunja akiwa ndani, na vioo vinajaa nje. Ndiyo maana lile swali linakuja la kwanza, na ndiyo maana jibu la "pote" linanuka.

Wataalamu wana njia nyingine ya kujua. Kioo cha kawaida cha dirisha kikipigwa kinapasuka kwa mistari inayotoka pale kilipopigwa kwenda pembeni, kama miale ya jua, na mingine inayozunguka kama duara. Ukikitazama kipande kwa ubavu, kwenye kingo za ile mistari ya miale, utaona vimawimbi vilivyopinda, na jinsi vilivyopinda vinaonyesha nguvu ilitoka upande gani. Lakini ili usome hivyo lazima ujue uso upi wa kile kipande ulikuwa nje. Na kinachojua nje ni wapi ni vile vipande vilivyobaki kwenye fremu, vyenye matope ya barabarani upande mmoja na vumbi la duka upande wa pili. Vile nilivyovigonga kwa nyundo. Kwa huruma ya mtoto wa mtu.

Basi hesabu ikawa rahisi: dirisha limevunjwa, haijulikani kutokea upande gani, kijana alilala ukuta mmoja na duka, anasema hakusikia kitu, na tajiri wake amesafisha. Ungekuwa wewe mpelelezi ungefikiri nini? Dogo akakaa ndani siku mbili. Mama yake alitoka Rombo na basi la asubuhi, akakaa kwenye benchi la kituo na kikapu cha ndizi, hakuniuliza chochote. Angenitukana ningepumua.

Wiki tatu baadaye zile spea zikaonekana kwa fundi mmoja, na fundi akamtaja aliyemuuzia, chalii wa mtaa wa pili mwenye kovu bichi kwenye kiganja. Dogo akawa msafi mbele ya kila mtu. Nikampigia arudi kazini. Alipokea mara moja, akasema "Asante bosi, nimeshapata shughuli," na tangu hapo simu yangu inaita mpaka inakata.

Sasa utauliza, chalii mwenye kovu alifungwa? Hapo ndipo linaingia lile taulo lako.

Mwizi wangu alijikata akapangusa kwa fulana iliyokuwa inaning'inia dukani. Damu ya kutosha, zawadi kabisa. Shemeji (huyo huyo) akasema damu isipigwe na hewa, vinasaba vitapeperuka. Vinasaba si manukato, shemeji! Akaifunga kwenye rambo, fundo mbili, enzi hizo rambo bado halali, marufuku ilikuja Juni 2019. Kisha, kwa usalama, akaenda nayo kwake. Ikakaa kabatini siku nne. Tulipokumbuka kuipeleka na kufungua lile fundo, ukungu wa kijani, na harufu sitaieleza hapa watu wako mezani. Dada yangu alitaka kuifua. Shemeji akaokoa jahazi kwa kuianika juani.

Damu mbichi ndani ya plastiki inabaki na unyevu, na unyevu ukichanganyika na joto, bakteria na ukungu wanaanza kula. Vinasaba kwenye damu wanavitoa kwenye chembe nyeupe, maana chembe nyekundu hazina kiini, kwa hiyo hata kwenye doa kubwa kinachotafutwa ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachooza. Jua nalo mionzi yake inavikatakata. Kitu chenye damu hukaushwa kivulini, peke yake, kisha kinaingia kwenye karatasi: bahasha ya kaki, mfuko wa karatasi. Wewe unauza bahasha, mkuu! Duka zima limejaa bahasha na umetafuta nailoni!

Lakini usikimbilie kulihamisha hilo taulo sasa hivi. Fungua mdomo wa mfuko lipumue, liache, na mpelelezi akifika mwambie ukweli wote: nani alilishika, kwa mkono gani, saa ngapi. Sisi tulipofika kituoni tuliulizwa hayo hayo. Kielelezo kinatembea na maandishi yake: kilichukuliwa na nani, akamkabidhi nani, lini, kikahifadhiwa wapi, na kila mkono umesaini. Sasa hebu jione kizimbani unaeleza kwamba kwa siku nne kielelezo kilikuwa kabatini, kati ya soksi na koti la harusi la shemeji. Fulana yetu haikwenda popote. Spea hazikuwa na namba za kutambulisha. Chalii akasema kovu ni la kukatia ng'ombe majani. Leo nikipita kwenye kona yake ananiamkia vizuri tu, "Shikamoo bosi." Na mimi naitikia, nifanyeje.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, niliiiba kwa yule mwanamama aliyesimama mlangoni: MIKONO MFUKONI. Ukikuta pamevunjwa, hakikisha hakuna mtu ndani wala majeruhi, toka kwa njia uliyoingilia, funga, simama nje, mikono mfukoni. Jirani akija kutoa pole, pole ataitolea nje.

Kuna Mfaransa, Edmond Locard, alifungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910. Fundisho lake ni kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja kinamwachia mwenzake kitu. Watu wanalisoma wakidhani linamhusu mwizi tu. Linakuhusu wewe, na binti mwenye fagio, na shemeji kama unaye. Hata wenye fani wanaumbuka. Polisi wa Ujerumani walihangaika miaka wakimsaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa, hadi kwenye mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikajulikana kuwa huyo jambazi hatari alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Alishika vile vijiti vya pamba wanavyochukulia sampuli. Sasa kama kijiti cha pamba kinaweza kuzalisha jambazi, hebu fikiria fagio la chelewa linafanya nini.

Uliuliza alama za vidole wanazitoaje. Inategemea uso. Kwenye kitu laini kama kioo au kaunta ya rangi ya mafuta wanapaka unga mwepesi kwa brashi laini, unga unashika jasho na mafuta ya kidole, picha inapigwa, kisha alama inanyanyuliwa kwa utepe wa gundi. Kwenye karatasi wana dawa inaitwa ninhidrini, alama inatokea zambarau, kwa hiyo zile kurasa za daftari la madeni alizopekua mwizi wako usizifunue tena. Plastiki wanaifukiza kwa mvuke wa gundi kali, ile ya super glue. Ile soda aliyokunywa akaacha nusu, umesema umeirudisha kwenye friji. Kwa nini? Isipate moto? Iache sasa, usiitoe, itatoa jasho na maji yatateleza juu ya alama. Mdomoni pake pengine kuna mate. Na wafanyakazi wako wasinune wakiombwa alama zao, lazima zitolewe ili zitenganishwe na za mgeni.

Vinasaba: Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo hapo Arusha, ila wewe huendi kaunta na taulo mkononi kama unapeleka nguo kwa dobi. Kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, maombi yanapitia wanaotambuliwa nayo, na kwa kesi ya jinai hao ni polisi. Kwa hiyo mbane mpelelezi wako kwa heshima.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa kukutoa mikono mfukoni: mvua. Naona toka asubuhi wingu limekaa juu ya Meru. Kama kuna nyayo kwenye udongo chini ya dirisha, chukua beseni, lifunike juu yake bila kugusa ule unyayo, weka jiwe juu, ondoka. Wakija wanaweza kumimina plasta ya jasi wakapata soli nzima na mikwaruzo yake, na soli iliyochakaa haifanani na ya mtu mwingine hata kama raba zimetoka katoni moja. Sisi tulikuwa na nyayo nzuri sana mbili. Shemeji alizisawazisha kwa reki.

Swali la tatu nimelisahau, lilikuwa la picha za simu nadhani, simu inaleta uzi nusu. Piga, ila ukiwa mlangoni, usiingie ndani kutafuta pozi.

Na yule binti: mwambie aliweke fagio chini. Hapo hapo aliposimama. Asiende kuliegemeza ukutani, na kizoleo asikimwage, vioo vilivyomo vibaki humo humo na aonyeshe kwa kidole alianzia kuvizoa wapi.