GT-B au spec.B kwa barabara za Mbeya?

Ndugu, umeuliza kama Subaru Legacy GT-B ya mwaka 2001 na GT spec.B ya mwaka 2005, zote za stesheni wagoni, zinatofautiana kwa jina tu. Hapana. GT-B ina turbo mbili (turbo ni pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani yake): ya kwanza huanza peke yake, ya pili hujiunga baadaye, na inapojiunga, kwenye mizunguko ya injini 4,000 na kidogo kwa dakika, nguvu hulegea kisha hurudi kwa kishindo, jambo linaloudhi sana ukiwa katikati ya kulipita lori mlima Kitonga. Spec.B ina turbo moja inayopokea moshi kwa njia mbili, hivyo huvuta bila kusita. Nguvu za farasi zinalingana: 280 kwa gia za mkono, 260 kwa otomatiki.

Zote zilitoka kiwandani na shokapu za Bilstein, lakini spec.B huvaa rimu za inchi 18 zenye tairi la ubavu mfupi, ambalo shimo moja la njia ya vumbi hulipasua. Kwa lami ya Uyole hadi Tukuyu ningechukua spec.B. Kabla ya kulipa, mwambie fundi ainue gari, usome mwenyewe jina kwenye shokapu. Mara nyingi za asili zimekwisha kutolewa, na bei iangalie hilo.