Ufilipino: kwa nini nchi ya visiwa ilichelewa kujilinda baharini

Mleta mada, umeuliza hivi: Ufilipino ina watu zaidi ya milioni 112, uchumi wake ulikua kwa asilimia 5.7 mwaka 2024, imekuwaje ikose manowari za maana, na mbona wafanyabiashara wake bado wanalia na gharama za kuvusha mizigo? Waliotangulia wamejibu kwa rushwa na kwa ubabe wa China. Vyote vipo, ila mzizi uko chini zaidi. Nchi yenye visiwa 7,641 ilijengwa na kulindwa kwa miaka mingi kana kwamba ni nchi kavu. Ukishika hapo, uchumi, miundombinu na jeshi vinasomeka kwa pamoja.

Tuanze na lori. Zamani mzigo wa Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini, kwenda Manila ulishushwa gatini, ukapakiwa melini, na upande wa pili kazi ikarudiwa upya. Kila mkono uliogusa mzigo ulikuwa na tozo yake. Januari 2003 Rais Gloria Macapagal Arroyo alitoa amri namba 170 iliyobadilisha hesabu hiyo: lori linapanda feri na mzigo wake, linashuka ng'ambo, linaendelea na safari. Katika njia hizo tozo ya kuhudumia shehena na ushuru wa gati vilifutwa, na nauli ikaanza kupimwa kwa mita za sitaha ambazo gari linachukua, si kwa aina ya bidhaa. Njia ya mashariki inakwenda hivi: barabara ya Luzon, kisiwa kilipo Manila, hadi Matnog, feri hadi Allen katika kisiwa cha Samar, daraja la San Juanico hadi Leyte, kisha feri nyingine kutoka Liloan hadi Lipata, Mindanao.

Mfumo huu ulisaidia kweli, lakini una mahali unapokatika. Vimbunga kama 20 kwa mwaka hupita kwenye eneo lao au karibu nalo. Onyo likipandishwa, walinzi wa pwani wanasimamisha vyombo, na Matnog malori yanajipanga kilometa kwa kilometa huku mboga na samaki vikioza. Tatizo jingine ni mizigo ya upande mmoja: bidhaa za viwandani zinashuka kutoka Manila zimejaa, meli zinarudi zikiwa nusu tupu, na mwenye mzigo wa kwenda ndiye analipia safari zote mbili. Ongeza hapo meli ndogo, zilizozeeka, zinazochoma mafuta mengi kwa kila tani. Ndiyo maana malalamiko ya kwamba kontena la kwenda kusini mwa nchi yao linaweza kugharimu kuliko la kwenda Hong Kong hayaishi.

Sasa litazame hilo daraja la San Juanico kwa karibu, maana linaeleza mengi kuliko takwimu za pato la taifa. Lilifunguliwa mwaka 1973, lina urefu wa kilometa 2.16, na ndilo pekee linalounganisha Samar na Leyte. Mei 2025, baada ya ukaguzi kuonyesha uchakavu, magari yenye uzito unaozidi tani 3 yalipigwa marufuku. Lori la mizigo likiwa tupu tu tayari limevuka kiwango hicho. Mabasi yakashusha abiria, wakavushwa kwa magari madogo. Malori yakapelekwa kwenye feri ambazo hazikuandaliwa kubeba msongamano huo, na bei za bidhaa upande wa pili zikaanza kusumbua. Daraja moja, na uti wa mgongo wa nchi kutoka kaskazini hadi kusini ukapinda. Fikiria sasa kwamba kombora moja la BrahMos, la kutoka India, ambalo nchi hiyo imelinunua kwa ajili ya ulinzi wa pwani, lina uzito wa takriban tani 3 peke yake, bila gari la kulirushia. Mpango wa ulinzi unaotegemea kuhamisha mitambo kisiwa hadi kisiwa unaanzia kwenye nguzo na vyuma vya madaraja ya kawaida kabisa.

Umeme nao ni hivyohivyo. Leyte ina mvuke wa ardhini mwingi, na tangu 1998 kuna njia ya umeme wa mkondo mnyoofu (DC) inayoupeleka Luzon. Mindanao ilibaki peke yake hadi Januari 2024, ilipozinduliwa njia ya megawati 450 yenye kebo za chini ya bahari kati ya Dapitan, Mindanao, na Santander, Cebu. Kabla ya hapo Mindanao ingeweza kuwa na ziada na Visayas, yaani visiwa vya katikati kama Cebu, ikawa na mgao wakati uleule, bila namna ya kusaidiana. Kebo za baharini zina udhaifu wake: mwaka 2021 kazi ya kuchimbua tope iliharibu kebo kati ya Cebu na Negros, na kebo ya namna hiyo haiungwi kwa siku mbili. Inahitaji meli maalumu, vipuri na bahari tulivu. Kumbuka pia kwamba kampuni inayoendesha gridi ya taifa ina mwanahisa wa asilimia 40 ambaye ni State Grid ya China. Ndiyo maana hoja ya gridi inajadiliwa Senetini kama suala la usalama.

Fedha zinatoka wapi? Mwaka 2024 Wafilipino walioko nje walituma kupitia benki zaidi ya dola bilioni 34. Kuna vituo vya huduma kwa wateja wa ng'ambo, na kuna mauzo ya vifaa vya elektroniki. Fedha za walioko nje ni baraka kubwa kwa familia, ila zinaingia dukani, shuleni na kwenye nyumba. Haziendi kwenye gati wala karakana ya meli. Mabaharia wa Kifilipino wamejaa kwenye meli za dunia nzima, lakini eneo kubwa la kuunda meli pale Subic lilisimama mwaka 2019 baada ya mwekezaji wa Korea Kusini kushindwa kulipa madeni. Nchi iliyo na watu wanaoijua bahari kuliko wengi ilishindwa kuishikilia kazi yao nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote.

Kwenye jeshi, fuata miaka. Waasi wa kikomunisti wapo tangu 1969, na vita vya Wamoro, Waislamu wa kusini, vilitulizwa kwa makubaliano ya 2014. Fedha zikaenda kwa askari wa miguu, bunduki na helikopta. Bahari iliachiwa Wamarekani. Septemba 1991 Seneti ilikataa mkataba wa kambi za Marekani kwa kura 12 dhidi ya 11, na Novemba 1992 kambi yao ya wanamaji pale Subic ikafungwa. China ikatia mguu Mischief Reef, mwamba wa baharini ambao Ufilipino inaudai, mwaka 1995. Mwaka huohuo sheria ya kuboresha jeshi ilipitishwa, ikitarajia sehemu ya mauzo ya ardhi za kambi kama Fort Bonifacio. Halafu mtikisiko wa fedha wa Asia wa 1997 ukaivuruga mipango hiyo. Ndege za F-5 zilistaafishwa 2005, na nchi ikakaa miaka kumi bila ndege ya kivita ya jeti hadi FA-50 mbili za kwanza zilipotua Novemba 2015.

Mvutano na China kwenye mwamba wa Scarborough mwaka 2012 ndio uliowaamsha. Meli yao kubwa kuliko zote wakati ule, Gregorio del Pilar, ilikuwa chombo cha walinzi wa pwani wa Marekani cha miaka ya 1960, kilichopatikana kwa fedha za mfuko wa gesi ya Malampaya, kisima cha baharini cha nchi hiyo. Hapo pana mzunguko wa kuhuzunisha: gesi hiyo, inayotumika tangu 2001, inapungua. Eneo linalotazamiwa kuirithi, Reed Bank, halichimbiki kwa sababu ya mvutano na China, na pesa ya kununua meli za kulilinda ilitakiwa itoke kwenye gesi.

Mzigo mwingine usiotajwa sana ni pensheni. Askari hawachangii, inalipwa moja kwa moja kutoka bajeti, na hupanda kila mshahara wa walio kazini unapopanda. Mishahara ya vyeo vya chini ilipoongezwa maradufu kuanzia 2018, pensheni nayo ilifuata. Kwa hiyo ukisikia bajeti ya ulinzi imepanda, uliza kwanza ngapi ni ya vifaa.

Miradi ya raia nayo inakwama mahali palepale kila mara: ardhi. Reli ya chini ya Manila na ile ya Kaskazini-Kusini ya kilometa 147 zina mikopo nafuu kutoka nje, Japani ikiwa mbele. Fedha ipo. Kinachochelewa ni fidia, hatimiliki zenye wamiliki wawili na kesi za bei. Mkandarasi anakabidhiwa vipande vya ardhi visivyoungana, mashine zinakaa, madai ya ucheleweshaji yanaanza. Na rushwa mliyoitaja imejidhihirisha: Agosti 2025 Rais Marcos alisema kati ya peso bilioni 545 za miradi ya mafuriko tangu 2022, karibu bilioni 100 zilikwenda kwa wakandarasi 15 tu. Mingine haikuonekana kabisa ilipokaguliwa. Katika robo ya tatu ya mwaka huo ukuaji wa uchumi ulishuka hadi karibu asilimia 4.

Mabadiliko yapo. Mkataba wa BrahMos wa Januari 2022, wa karibu dola milioni 375, ulianza kufikishwa Aprili 2024. Makombora yanafika kilometa 290. Vituo ambavyo Marekani inaruhusiwa kutumia vimefika tisa, na vinne vilivyoongezwa 2023 vinajumuisha uwanja wa ndege wa Lal-lo na kisiwa cha Balabac. Ukitaka kupima kama mambo yanakwenda, usihesabu makombora. Tazama kama njia ya kurukia ndege imeongezwa unene, kama matangi ya mafuta yamejengwa, kama gati lina kina cha kutosha meli ya jeshi, na kama barabara ya kufika hapo inabeba lori zito. Na tazama meli ya zamani ya BRP Sierra Madre, iliyotengenezwa 1944 na kupandishwa makusudi mwaka 1999 kwenye mwamba wa Ayungin, unaodaiwa pia na China, iwe kituo cha askari. Kwa miaka mingi chakula cha askari walio humo kilipelekwa kwa boti za mbao.