Boxer yangu inalia mchangani ila haiendi, nichonge bloku? (safari ya Natron hadi Loliondo)

SWALI: Fundi shikamoo. Sisi ni washkaji wanne wa hapa Arusha, mwezi wa nane tunataka tutoke na pikipiki tupite Mto wa Mbu, Engaruka, Ziwa Natron, tupande mpaka Loliondo alafu turudi njia hiyohiyo. Tuna Boxer 150 mbili, TVS 125 moja na Honda CRF 250 moja. Mwaka jana tulijaribu tukaishia mbele kidogo ya Engaruka, Boxer yangu ikawa inalia kweli kweli kwenye mchanga lakini haiendi, ikaanza harufu ya kuungua, mwisho hata gia ya kwanza ikawa haivuti. Mimi ndo nilikua nimebeba tenti, vyombo na dumu la mafuta la lita 20 maana keria yangu ndo kubwa. Fundi mmoja kaniambia injini ni ndogo, nichonge bloku, yani nipanue silinda, niweke pistoni ya osaizi (kubwa kidogo kuliko ya kiwandani). Nifanye hivo? Na upepo wa tairi niweke ngapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichonge bloku. Nikuonyeshe kwanini, maana najua ukitoka hapa kuna mtu atakushawishi tena.

Boxer 150 ina pistoni ya milimita 56 na inatembea juu chini milimita 58.8, ukipiga hesabu unapata sisi (cc, ukubwa wa injini) 144.8. Ukichonga ukaweka osaizi ya nusu milimita, yani 56.5, unafika sisi 147 na kidogo. Umeongeza sisi mbili na nusu! Hata ukienda milimita nzima unapata kama sisi 150, ni tano tu zimeongezeka, na hapo umetoa ukuta wa silinda ambao ungekuja kuuhitaji siku injini imechoka kweli, alafu unaenda jangwani na pistoni mpya ambayo haijazoeana na silinda. Osaizi ni dawa ya silinda iliyolika, nguvu hutaiona. Kama pikipiki yako haitoi moshi wa bluu na haili oili, iache injini yako kama ilivo.

Sasa kilichokukuta. Ulivoandika "inalia lakini haiendi" na harufu ya kuungua, hio ni klachi, wala sio nguvu. Injini ilikua inazunguka vizuri tu, nguvu ikawa inaishia kwenye sahani za klachi ambazo zinasuguana badala ya kushikana. Na sababu yake naijua hata bila kuiona pikipiki: uko na mzigo mzito nyuma, tairi linazama, gia ya kwanza ni ndefu kwa ile hali, unaogopa izime kwaiyo unashika klachi nusu nusu huku unapiga lesi. Dakika tano za hivo zinatosha kuzichoma. Nakuuliza na oili pia, uliweka ipi? Maana kuna watu wanaweka oili ya gari kwa kuwa imebaki kwenye chupa nyumbani, oili nyingi za magari ya siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili, ukipunguza msuguano umeifanya iteleze. Angalia mgongo wa chupa, itafute imeandikwa JASO MA au MA2, hio ndo alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki, ikiwa haina hayo maneno iache dukani.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni kufungua klachi uone. Sahani zikiwa nyeusi, zinanuka, au zile za chuma zimebadilika rangi kuwa bluu, badilisha seti nzima pamoja na springi zake, usichanganye mpya na za zamani. Ukishafunga hakikisha mkono wa klachi una uhuru kidogo pale mwishoni, kama upana wa kidole, kabla haujaanza kuvuta. Kebo ikiwa taiti sana klachi haifungi yote na utaichoma tena hata ukiwa lami. Kupima ni rahisi, gia ya nne kwenye lami taratibu, fungua mafuta ghafla, mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale bado inateleza.

Kazi ya pili ndo jibu la swali lako la nguvu, na ni kitu cha bei ndogo sana: spoketi ya mbele, ile gia ndogo ya meno inayovuta cheni. Hesabu meno ya kwako kwanza, usichukue namba ya rafiki. Tuseme umekuta 14 mbele na 42 nyuma, hapo uwiano ni 3 kamili. Toa jino moja mbele uweke 13, unapata 3.23, yani msukumo kwenye tairi umeongezeka kama asilimia 8 kwenye kila gia, na hujagusa injini. Unachopoteza ni spidi, pale ulipokua unaenda 80 kwa mlio uleule sasa utaenda 74. Njia ya Natron nani anatembea 80? Labda huyo wa CRF, na yeye tutamfikia. Usishuke mpaka 12 kwa tamaa, spoketi ikiwa ndogo sana cheni inakunjwa kona kali, inalika haraka na inakaa inasugua ule mkono unaoshika tairi la nyuma. Wengine huongeza nyuma meno matatu, matokeo yanakaribiana lakini cheni itakua fupi utahitaji kuiongeza, mbele ni rahisi zaidi na ukirudi mjini unairudisha ya zamani kwa dakika ishirini. TVS 125 nayo mfanyie hivohivo, hio ndo inahitaji kuliko zenu zote.

Cheni tukiwa hapohapo. Watu wanakaza pikipiki ikiwa imesimama mtupu kwa stendi kubwa, alafu wanapakia mzigo na kukaa. Mzigo ukikandamiza shokapu cheni inazidi kukaza, na inakua taiti kabisa pale ekseli ya nyuma, bolti ya ule mkono na spoketi ya mbele zinapokaa mstari mmoja. Kwaiyo waite washkaji wawili watatu waikalie mpaka ufike hapo, ndo upime, lazima bado ichezecheze kidogo. Cheni iliyokazwa kupita kiasi haikatiki tu, inaua beringi ya shafti ya gia na hio hutaifungua chini ya mti Ngare Sero, kile kijiji cha pale Natron. Bebeni loki za cheni mbili tatu za saizi ya 428, kwa Boxer na TVS ndo inayotumika, za CRF mwenyewe atafute za kwake.

Upepo. Kwa lami Boxer mbele 25 PSI, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na mzigo. Mchangani kila mtu atakwambia toa upepo na ni kweli, tairi likilala linaongeza eneo la kukanyaga, halizami. Lakini hao wanaokwambia shuka mpaka 12 wana magari au wana pikipiki zenye kile kibano kinachoshika tairi kwenye rimu. Wewe una tyubu na huna kibano. Ukishusha sana tairi linazunguka juu ya rimu wakati unapiga mafuta, linaivuta tyubu, na ule mdomo wa valvu unakatika. Hilo limenikuta mimi mwenyewe, miaka hio nilikua mjuaji, nilishusha nyuma mpaka 14 na mzigo juu, korongo la pili tu tyubu ikakatika mdomo na mdomo ukikatika hakuna kiraka, ni tyubu mpya. Tangu hapo siendi chini ya 18 nyuma na 18 mbele kwa mchanga mtupu, na penye mawe ya volkano, ambayo mtayakuta mengi tu, narudisha 22 au zaidi maana jiwe likibana tyubu kwenye rimu linatoboa matundu mawili kama kaumwa na nyoka. Na ile nati ya valvu usiikaze chini kwenye rimu, ipandishe juu ikaze kwenye kifuniko. Hapo valvu ikianza kulala upande utaona kabla haijakatika. Kila mkisimama angalieni valvu, ni sekunde tatu.

Pampu ya mkono na kipimo cha upepo ni lazima, solushen na viraka, na tyubu za akiba zichaguliwe kwa kusoma namba ubavuni mwa tairi. Rimu ya mbele ya CRF ni inchi 21 na ya nyuma 18, zenu ni ndogo, kwaiyo tyubu zenu hazimsaidii. Yeye abebe ya 21 moja, akibanwa ile ya 21 inaingia hata nyuma ikamfikisha. Ndo hio 21 pia inayomfanya aelee kwenye mchanga wakati nyie mnachimba, gurudumu kubwa linapanda juu ya kitu ambacho dogo linakigonga. Msimfukuze. Yeye atangulie akawasubiri, na wa TVS asiwe wa mwisho kamwe, mwekeni katikati.

Mzigo sasa, hapa nitakugombeza kidogo. Dumu la lita 20 la petroli ni kama kilo 15, weka tenti, vyombo na maji, una kilo 40 zote ziko nyuma ya ekseli na juu. Pikipiki inakua kama mzani, mbele inakua nyepesi, usukani unayumba mchangani, nyuma inazama. Ugaweni. Kila mtu abebe mafuta yake kwenye vidumu vya lita 5, na vizito viwekwe chini ubavuni karibu na siti, sio juu ya mkia wa keria. Tenti na blanketi ndo zikae juu. Mkifika mahali pa kupumzika vidumu vimiminwe kwanza kwenye tanki, msiyaache mafuta mgongoni huku tanki lina nafasi. Mafuta yenyewe jazeni Mto wa Mbu. Mbele huko yapo ya kwenye chupa lakini leo yapo kesho hayapo, na bei anapanga mwenye chupa. Na msipige hesabu ya mjini, Boxer inayokupa kilomita 40 kwa lita mjini, kwenye gia ya pili mchangani hata 30 usiitegemee.

Kuna kitu hujauliza. Natron iko chini, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, na joto lake mnalijua. Mkitoka hapo mnapanda ukuta wa bonde la ufa kuelekea Loliondo mnafika mita kama 2,000. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na kwa kuwa hewa imepungua mafuta yanakua mengi, plagi inakua nyeusi, mtasikia nzito. Msifungue kabureta kubadili jeti, kile kitundu kinachopima mafuta! Mkishuka tena Natron na jeti ndogo, mafuta yatakua machache, injini itachemka kwenye joto lile na hapo pistoni inaweza kujishika kweli. Rekebisha skrubu ya hewa kidogo kama inazima ikiwa sailensa (inaunguruma bila kupigwa mafuta), basi, mengine ile spoketi ya 13 itayabeba. Huyo wa CRF ana injekta, inajipangia mafuta yenyewe, ingawa hewa nyembamba na yeye inampunguzia nguvu.

Mwezi wa nane vumbi ni lile la unga, ukikanyaga linaruka kama sementi. Filta ya hewa ikiwa ya sponji iosheni kwa sabuni, ikauke, muipake oili kidogo muikamue. Ya karatasi msiipake oili kabisa, igongeni tu vumbi litoke kila jioni. Na msifuatane karibu, mnakula vumbi la mwenzenu nyie na injini zenu.

Mchangani gia ya pili, simama kwenye vikanyagio, uzito nyuma kidogo, mafuta yasikatike, na klachi ukishaiachia iachie. Ikizama shuka, iwe gia ya kwanza, tembea nayo huku mmoja anasukuma. Ukisikia harufu tu, simama kivuli, dakika kumi na tano, na usimwagie maji silinda ya moto inaweza kupasuka.

Halafu msije na wazo la kukata njia kupitia Ngorongoro au Serengeti mkichoka, pikipiki haziruhusiwi kukatisha kule, mtarudishwa getini na mafuta mmeshamaliza. Kama hamtaki kurudi njia ileile kuna ile ya Gelai na Kitumbeine kutokea Longido, mchanga haujapungua lakini mtaona mengine.

Wiki moja kabla, Jumamosi, pakieni kila kitu kama mnaondoka kweli, mpande barabara yoyote ya vumbi yenye kilima na mrudi. Mipira ya kufungia itakayokatika ikatike hapo, keria itakayopasuka ipasuke karibu na mchomeleaji. Wewe fungua klachi wiki hii, uhesabu meno mbele na nyuma, uniandikie namba na picha ya zile sahani, nikwambie kama zinafaa au ni za kutupa.