Fildi kwa waanika dagaa

SWALI: Nasoma maendeleo ya jamii, mwaka wa pili. Chuo kinanipeleka fildi wiki nane kwa kikundi cha akina mama waanika dagaa, Igombe. Nifanyeje nisiwe mzigo kwao? Msomaji, Mwanza

JIBU: Anza na barua ya utambulisho: kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, kisha viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki. Ukiwaruka, dodoso lako litadhaniwa ni la kodi.

Wiki mbili za mwanzo weka dodoso kando. Anika nao, geuza dagaa, na kila jioni andika ndoo zilizonunuliwa, bei, na zilizoharibiwa na mvua. Dagaa walioanikwa mchangani wakilowa huoza au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wanafunzi wengi hukimbilia kupendekeza vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi. Sawa, lakini uliza kwanza: eneo la kuanikia ni la nani, na nani aliwakopesha mtaji? Kichanja kwenye kiwanja cha mtu mwingine kinaweza kung'olewa wakati wowote.

Mikutano ifuate mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa uvuvi hupungua, na akina mama wanapata nafasi. Ukiitisha mkutano asubuhi mitumbwi inapofika, utakaa peke yako.

Usiache maji ya ziwa yaguse ngozi yako, kichocho kipo.

Wiki ya saba wasomee ripoti, kwa Kisukuma inapobidi, waisahihishe kabla haijaenda chuoni. Nakala moja ibaki kwa katibu wao.