Kitanda cha mtoto ulichopewa, kikague kabla hujamlaza mwanao

Nikiwa na mimba ya miezi saba wifi yangu alituletea kitanda cha mtoto. Kimelaza watoto wake watatu na kabla ya hapo kilikuwa kwa ndugu wa mume wake, yaani hata yeye hajui kina miaka mingapi. Nilifurahi sana, mbao nzito nzuri, na kilikuja na kila kitu chake, godoro, vile vimto vya kuzungushia pembeni, na blanketi alilofuma mama mkwe kwa mkono wake.

Kikakaa chumbani kama siku kumi. Usiku mmoja mume wangu akakiegemea kidogo tu anaokota kitu chini, ule ubavu wa kupandisha na kushusha ukachomoka pembe moja. Haukuanguka wote, ulibaki unaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba, na kati yake na godoro pakatokea uwazi mpana juu mwembamba chini. Nikatia mkono pale, ukazama mpaka kiwiko, na nilipouvuta kutoka ubavu ukarudi ukanibana. Nilikaa kitandani nikanyamaza. Mtoto wa miezi sita akiteleza pale kichwa kinabanwa, na akibanwa hivyo hawezi hata kulia ukamsikia.

Tulipowasha taa tukaangalia vizuri, kile kiplastiki kinachoshika ubavu kilikuwa na ufa wa zamani, na upande wa pili bolti moja haipo, mtu aligongelea msumari. Hakuna aliyefanya kwa ubaya jamani, kitanda kimefunguliwa na kufungwa kila wakihama, nati ikipotea unaweka ulichonacho.

Baadae ndio nikaja kujua kwamba vitanda vya ubavu wa kushuka Marekani walishavipiga marufuku tangu Juni 2011, kuuza kipya au hata kilichotumika, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Kwa hiyo kama ulichopewa ni cha aina hiyo mimi ushauri wangu ni mmoja, usikitumie, hata kama kinaonekana kizima, na usijaribu kukifunga na waya au kamba.

Kama pande zote nne zimekaa imara basi endelea kukagua. Pima nafasi kati ya fito na fito, isizidi sentimita 6. Huna rula chukua kopo la soda la kawaida, likipenya katikati ya fito hizo nafasi ni kubwa mno, kwa sababu mwili wa mtoto unapita hapo ila kichwa hakipiti, na hapo ndipo anaponing'inia. Ufito mmoja ukiwa umevunjika au umelegea ni hivyo hivyo. Angalia na nguzo za pembeni, zikichomoza juu nguo ya mtoto inaweza kunasa. Alafu kitikise kwa nguvu zako zote, kikilia au kikicheza tafuta ni wapi kabla ya kitu kingine chochote.

Rangi nayo. Zamani rangi nyingi za mbao zilikuwa na madini ya risasi, Marekani walizizuia majumbani mwaka 1978 lakini sehemu nyingine ziliendelea miaka mingi sana, na mtoto akianza kuota meno anatafuna ule ukingo wa juu siku nzima. Risasi inaharibu ubongo na hakuna kiasi kinachosemwa ni salama. Rangi inabanduka na hujui ni ya lini, usiikwangue ndani ya nyumba, vumbi lake ni baya zaidi.

Godoro ndio watu wengi wanalipita. Letu lilikuwa limebonyea katikati, ukipitisha kiganja unasikia kabisa shimo walipolala wale watatu. Godoro la mtoto linatakiwa liwe gumu na bapa, ukilibonyeza linarudi hapo hapo, na lijae kitanda, vidole viwili vikiingia pembeni basi ni dogo. Kuna utafiti wa Scotland wa mwaka 2002 ulioona vifo vya ghafla vya watoto usingizini vinaendana na magodoro yaliyotumika, hasa yaliyotoka nyumba nyingine. Haukuthibitisha kwamba godoro ndio linaua, lakini mimi ulinitosha. Kama hela ni ya kitu kimoja tu nunua godoro.

Sasa blanketi la mama. Hapo palikuwa pagumu kuliko kitanda, nikamwambia, mama, hili tutamfunika nalo akiwa macho tumembeba, ila kitandani analala na shuka moja tu iliyobanwa kwenye godoro. Akaniuliza, "Mbona nyie wote mmelalia haya na mmekua mwanangu?" Swali la haki kabisa. Nikamwelezea kwamba enzi zao hata manesi walisema mtoto alazwe kifudifudi, kisha Uingereza mwaka 1991 na Marekani 1994 wakaanza kuhimiza alazwe chali, na Marekani vile vifo vya ghafla vikapungua kwa zaidi ya nusu. Waliotulea hawakukosea, hawakuwa wameambiwa. Mto, blanketi zito, midoli, vyote vinaweza kumziba pua mtoto ambaye hajaweza kujinasua, mwaka wa kwanza wote viwe nje ya kitanda. Na vile vimto vya pembeni Marekani walishapiga marufuku kuviuza mwaka 2022. Mama alinyamaza kidogo, alafu akaomba aonyeshwe shuka inavyobanwa.

Nguo, beseni, mashuka yanayokaa sawasawa, hivyo pokea kwa mikono miwili, fua, tumia.

Ila kitanda kibovu usimpe mwingine, wala usikiache nje kizima maana kuna mzazi atapita akikiona atakibeba kwa furaha kama niliyokuwa nayo mimi. Nilimpigia wifi nikamwambia ukweli wote, akaja mwenyewe na msumeno, tukazikata fito moja moja.