Kwa mwanangu, unayeuliza kama ungoje

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tumbe hatujambo, mguu wa bibi yako umepungua uvimbe, na kaka yako ameezeka upya banda la mbuzi. Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu, mara ya tatu nimetoka nayo uani peke yangu. Nilitaka nikupigie, nikaogopa sauti itanikatika, na wewe ukisikia mama yako analia hutasikia tena jengine lolote. Basi nimechukua daftari langu la hesabu za mwani, nimeng'oa karatasi za katikati, nakuandikia. Atakuletea jirani yetu anayevuka kesho.

Umeniuliza hivi: "Mama, nikikubali kwanza kazi hii ya kudumu hapa hotelini, halafu baada ya miaka miwili ndiyo niende Chuo cha Bahari, kuna ubaya gani?" Nafasi ya Dar es Salaam umeshapewa. Kazi nayo umeshapewa, usimamizi wa mapokezi, na mkuu wako anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Umenieleza pia jinsi njia ya unahodha ilivyo ndefu: darasani kwanza, kisha miezi 12 ya mafunzo melini kabla ya kupewa cheti cha kushika zamu, na hapo bado si nahodha, ndiyo kwanza unaanza kupanda. Yote nimeyaelewa.

Kuna ubaya gani, sijui. Labda hakuna. Mimi ninachokijua ni kungoja, na hicho ndicho nitakachokujibu.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 18. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa baiskeli, jua la saa nane, akampa babu yako barua yangu ya kuchaguliwa kusomea uuguzi Unguja. Skuli nzima tulichaguliwa wasichana wawili. Babu yako aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, na mumo humo mfukoni ikakaa. Ulikuwa msimu mkubwa wa karafuu. Wewe umekuta mikarafuu yetu ya Konde imeshazeeka, hujui msimu mkubwa unavyomkosesha mtu usingizi. Wanaume na watoto wako juu ya miti tangu alfajiri. Usiku wanawake tumezunguka kandili, tunachambua karafuu kutoka kwenye makonyo mpaka vidole vyeusi na macho yanawasha. Asubuhi unaanika juu ya majamvi, na mchana kutwa shingo iko juu unalinda wingu, maana tone likidondoka wote mnakimbia kukunja. Na karafuu ina tabia yake: sharti ichumwe ingali tumba, inapoanza tu kuiva rangi. Ikichanua, imeshapoteza thamani yake.

Nilipomkumbusha ile barua, babu yako alinijibu kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo, kwa sababu angenigombeza pengine ningebisha. Alisema, "Mwanangu, karafuu hazingoji. Chuo kitangoja."

Kuhusu karafuu alisema kweli.

Nilingoja wiki sita. Bibi yako alikuwepo, huyu huyu aliyekuwa akitusimulia usiku tukichambua habari za Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba aliyekwenda mjini akaimba mpaka akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alikuwa akiisimulia kwa raha zake zote, anatuigizia hata mwendo wa mtu mwenye chungu kichwani. Lakini babu yako aliposema chuo kitangoja, bibi yako aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua. Nimemlaumu miaka mingi. Hata sasa nikimkanda mguu hutaka nimuulize, kisha namwona alivyochoka, namwacha alale.

Karafuu zilipokwisha kupimwa na kuuzwa, nikashuka Mkoani nikapanda meli ya Mapinduzi. Usiku kucha nimekaa sitahani nimekumbatia sanduku la bati la kuazima. Chuoni, karani alifungua daftari kubwa, akateremsha kidole taratibu, kisha akaligeuza upande wangu nione mwenyewe. Jina langu lilikuwemo. Limepigwa mstari mwekundu, kwa rula, umenyooka vizuri kabisa, na juu yake kwa herufi ndogo ndogo limeandikwa jina la msichana mwengine. Hakuwa mtu mkali. Akaniambia, "Tulikungoja wiki mbili, dada."

Wiki mbili! Bora angesema hawakuningoja hata siku moja. Wiki mbili zile nilikuwa Konde, naanika.

Nikarudi na meli ile ile. Babu yako hakuniomba radhi, wazee wetu hawakuwa na ada hiyo kwa watoto wao, lakini alikwenda Chake Chake akanunua doti ya kanga, rangi ya zambarau, akaiweka kitandani kwangu. Imeandikwa Subira Yavuta Heri. Nataka kuamini hakuyasoma yale maandishi. Au aliyasoma akaona yanafaa, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Sikuifunga hata siku moja. Alipozaliwa dada yako mkubwa niliichana vipande nikamfanyia nepi, na bibi yako aliponikuta nachana kanga mpya aligeuka akatoka bila kusema neno.

Sasa ngoja nijibishane na nafsi yangu, maana najua utanijibisha wewe. Ningekwenda chuoni nisingeolewa na baba yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nyinyi wanne msingekuwepo. Hakuna chuo nitakachokibadilisha na ukucha wa mmoja wenu. Basi nalilia nini? Nimejiuliza hivyo mara nyingi nimeinama pwani nafunga mwani. Ninaloliona ni kwamba uuguzi wenyewe siulilii tena. Namlilia yule msichana aliyeiona barua yake imo mfukoni mwa mtu mwengine, akakosa kusema: Baba, nipe barua yangu. Maneno manne tu. Nilikuwa nayo mdomoni wiki sita.

Unaijua kauli yangu, mnaicheka nyote: bamvua likipita limepita. Mwani hufungwa na kuvunwa siku za bamvua, maji yakitoka sana. Ukizikosa siku hizo, yakaingia maji mafu, shamba limefunikwa na huna la kufanya ila kukaa ukumbini. Wewe ulipokuwa darasa la saba ulinijibu kwamba bamvua hurudi baada ya wiki mbili, sasa limepita vipi? Nimelifikiri sana jibu lako lile. Ni kweli hurudi, siwezi kubisha. Lakini nimeshuka bamvua lililorudi nikakuta nusu ya kamba zangu zimekwenda na mkondo, na zilizobaki zimetafunwa na samaki. Maji ni yale yale na shamba limekuwa jengine. Kwa hiyo bado naisema kauli yangu, hata kama hesabu ya siku iko upande wako.

Mwani wa aina ya kotonii ndio ulionifunza zaidi. Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na baadaye sisi Pemba tukaingia, kotonii ndiyo iliyokuwa na bei, ile aina ya pili, spinosamu, ilikuwa ya kujazia gunia. Kisha maji ya pwani yakazidi joto, kotonii ikaanza kugeuka nyeupe na kukatika mkononi. Wenzangu wengi wakasema tungoje maji yapoe. Wamengoja mpaka wakaacha kilimo. Wachache tukasema tupeleke kamba maji marefu, kwenye ubaridi. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa sijui kuogelea.

Na hapo sipendi kufika, lakini ndipo swali lako lilipo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 sina haja ya kukusimulia. Mjomba wako alikuwa anarudi nyumbani baada ya Sikukuu. Meli ilizama mkondo wa Nungwi ikija kwetu, na tume iliyoundwa baadaye ikasema ilipakia watu kupita kiwango chake. Wewe ulikuwa na miaka 12. Msiba mzima hukulia. Siku ya hitima ulinifuata jikoni, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, ukauliza: "Mama, nani aliyesema iondoke?" Nikakwambia nyamaza. Ukasimama pale pale, ukauliza tena: "Kwani hakukuwa na mtu wa kusema haiondoki?"

Leo uko Nungwi, kila ukiinua macho kwenye meza yako unaona maji yale. Umenambia umevutiwa na unahodha kwa sababu ulisoma habari zake kwenye intaneti. Mwanangu, mimi nilikuwepo jikoni. Najua ulikoutoa.

Naogopa. Siwezi kukuandikia kurasa zote hizi nikalificha hilo. Kusi ikivuma usiku mimi huamka nikahesabu nani wangu yuko wapi. Nikikwambia nenda, bahari ikakuchukua, nitabaki na neno langu mpaka kaburini. Nikikwambia kaa, siku moja nitakukuta na wewe unachana kanga mpya.

Ule mwaka uliofuata msiba, nikiwa na miaka 46, nikasema nitajifunza kuogelea. Baba yenu akaniuliza kama nimerukwa na akili, maji hayajamaliza kututoa machozi na mimi nayafuata. Wiki nzima tumenuniana. Siku ya nane akarudi na dumu la lita 20, kizibo chake amekifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, ameuzungusha na kuuvuta mpaka hakipiti hata pumzi. Akaliweka mlangoni. "Hilo halizami," akasema, akaenda zake msikitini. Nilimpenda baba yenu siku nyingi, lakini ile siku ya dumu naijua peke yake.

Dumu lilinifunza kupiga miguu. Kuelea umenifunza wewe. Unakumbuka? Maji yalikuwa yamejaa, hayana hata kiwimbi, mimi nimefunga buibui la zamani kiunoni, na wewe umenishika kichogo kwa mikono miwili. "Legeza shingo, mama. Umekaza kama kuni." Ukasema utahesabu mpaka kumi ndipo uniachie. Masikio yangu yakaingia majini, sikusikii tena, nasikia moyo wangu tu unavyokwenda, na juu naona mawingu. Nikawa nahesabu na wewe moyoni. Nilipofika sita nikageuza jicho. Mikono yako yote miwili iko juu, hewani, inachuruzika maji, na mdomo wako bado unahesabu.

Hukungoja kumi. Nilikukasirikia kwa muda wa pumzi moja, kisha nikacheka mpaka nikameza maji, ukanivuta kwa nywele. Kotonii ile ya maji marefu, tuliyoivuna siku 45 baada ya kuifunga, ndiyo iliyokununulia sare ya sekondari. Na mpaka leo sijapata kukuuliza kwa nini uliniachia pale. Ulijua nini mikononi mwako nisichokijua mimi?

Sikwambii nenda. Sikwambii kaa. Babu yako aliniamulia kwa upole, na mimi tangu nilipomzaa dada yako niliapa kwamba barua ya mtoto wangu haitakaa mfukoni mwangu. Ulimi unaniwasha, Mungu ananiona. Nimeliandika neno lenyewe mara mbili hapa chini nikalifuta, na kifutio changu kibaya, ukiinua karatasi kwenye mwanga utaliona. Usiinue.

La pesa naweza kukujibu, kwa sababu hilo hukuliuliza ila nimelisikia katika sauti yako. Hizo unazotuma kila mwezi usizifanye pingu. Mwani upo, kuku wapo, dada yako amesema dawa za bibi ni juu yake, na nyumba ilishaezekwa. Hatutalala njaa. Na huyo mkuu wako, ukimwambia hapana, mwambie vizuri, ana kwa ana, usimtumie ujumbe, maana amekutendea wema.

Bibi yako amesikia habari zako, nilimwekea ile sauti sikioni. Alinyamaza sana, nikadhani amelala. Kisha akauliza barua ya chuo iko kwa nani. Nikamwambia unayo mwenyewe. Akasema, "Alhamdulillahi," akajigeuza ukutani.

Ukipanda boti ya Dar es Salaam, kama utapanda, nipigie ukiwa bado bandarini Malindi, usingoje ufike. Tazama wamepakia watu wangapi. Na uniambie saa inayong'oa nanga, nipate kushuka pwani nikasimame.

Mama yako