Gundi haishiki kwenye mawese

Wanaonijia kuuliza habari ya kupamba chupa na makopo kwa kubandika picha au vipande vya kitenge huanza na ua: nitumie ua gani, picha nzuri nizipate wapi. Mimi huwauliza kwanza hicho chombo kilikuwa na nini. Kwa sisi wa Kigoma jibu mara nyingi ni mawese, na hapo ndipo kazi ilipo. Mawese yakipoa huganda, hujificha kwenye mdomo wa chupa na kwenye mshono wa kopo, ukadhani umesafisha kumbe utando bado upo. Gundi ukiipaka juu yake itakauka vizuri tu mbele ya macho yako, halafu baadaye kitambaa kinajivua chote kama nyoka anavyojivua gamba.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, rudia. Kisha mwagia maji safi kidogo. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo. Yakitandaa na kulowesha uso wote, umemaliza, kausha. Bati na mbao yenye rangi zipitishie msasa mpaka mng'aro upotee. Chupa haihitaji msasa, ifute kwa spiriti basi. Kama ni mbao yenye rangi ya miaka mingi, usiisugue kavu, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta, hasa penye watoto. Tumia msasa wa maji, fanyia nje, na lile tope ulizoe.

Ufundi wenyewe huitwa dekupaji: unakata picha, unabandika, unafunika kwa vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka ukipitisha kidole usihisi ukingo. Katika karne ya 18 mafundi wa Venice, Italia, waliutumia kuiga samani za bei mbaya zilizotoka China na Japani. Hawakuchora kwa mkono, walibandika picha zilizochapwa na kupaka vanishi juu yake. Ni kazi ya watu wasio na hela ya kitu halisi, tangu huko. Ndiyo maana sioni sababu ya mtu kuagiza gundi maalumu ya bei kubwa wakati gundi nyeupe ya mafundi seremala imejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Zimua kwa maji kidogo, kama gundi vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji, inatosha. Na anayeniambia umri umempita nitamtajia Mary Delany wa Uingereza, aliyeanza kukata maua ya karatasi akiwa amevuka miaka 70, akatengeneza zaidi ya 900. Yako British Museum hadi leo.

Kuna wanaotumia uji wa unga wa muhogo badala ya gundi. Kwa kujalidia madaftari sina neno, ila kwenye kitu cha kukaa sebuleni utakuwa umewaandalia mende chakula cha usiku.

Sasa vitenge. Hapa sisi tuna bahati ambayo wengine hawana. Pita kwa mafundi cherehani wa Mwanga au Ujiji jioni wanapofagia, uone kinachotupwa: vipande vya kiganja kimoja, viwili, rangi za kila namna. Omba kwa adabu, nunua hata uzi kidogo, utapewa mfuko mzima. Kitenge kipya kina wanga na kingine hutoa rangi, kwa hiyo kifue, kisha kisugulie kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha alama, kirudishe kwenye beseni. Kipige pasi.

Usikate bado. Paka gundi iliyozimuliwa kwenye kipande kizima, kianike mpaka kikakamae, ndipo uchukue mkasi. Nyuzi hazitachomoka na utaweza kufuata ukingo wa ua mpaka kwenye ncha ya jani. Na hili ni la ladha yangu, ukitaka ulikatae: ua moja kubwa lililokatwa vizuri na kuwekwa peke yake kwenye kopo lililopakwa rangi moja linapendeza kuliko viraka ishirini vilivyosongamana. Vitenge vina kelele. Viwili vikikaa pamoja, kimoja kinyamaze.

Wakati wa kubandika, paka gundi kwenye kopo na mgongoni mwa kitambaa, kisha sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu. Kitambaa husamehe, karatasi haisamehi hata chembe ya mchanga. Karatasi nayo ina mtego wake: picha za rangi unazochapisha steshenari nyingi ni za wino wa maji, zikigusa gundi zinachuruzika. Lowesha kidole, gusa pembeni. Fotokopi haina shida hiyo. Gazeti likilowa huonyesha maandishi ya upande wa pili, na jua likilipiga linageuka njano. Mimi nikilitaka gazeti hulitolea fotokopi kwanza.

Cha kuanzia? Kopo la maziwa ya unga, kwa sababu mdomo wake hauna makali. La nyanya likifunguliwa kwa kisu, bana kingo zake kwa koleo kabla ya jambo lingine lolote. Ndoo za plastiki ni wabishi, gundi haizishiki vizuri. Ukilazimika, zungusha kitenge pande zote mpaka kipishane chenyewe, kishikane chenyewe. Chungu cha udongo cha maua kinapendeza siku ya kwanza, lakini udongo hupitisha maji toka ndani na gundi nyeupe haivumilii maji. Mmea uweke kwenye kikopo cha plastiki, ndipo ukitumbukize chunguni.

Sahani, vikombe, ubao wa kukatia mboga, ndoo ya maji ya kunywa: siviwekei hata ua moja upande unaogusa chakula, na wewe usiweke. Sinia la mbao la kupelekea chai lifae tu kubebea vikombe vilivyo kwenye visosi. Sufuria ya ugali iliyotoka jikoni italainisha vanishi na kuacha duara.

Vanishi ya mafuta ni imara lakini huleta unjano juu ya rangi nyeupe. Ya maji hubaki angavu. Paka nyembamba, subiri ikauke, pitisha msasa laini kidogo sana, paka tena, angalau mara tatu. Hapa kwetu mvua za Novemba mpaka Aprili hufanya kila kitu kikauke kwa uvivu, na vanishi nyingine hupata ukungu mweupe hewa ikiwa nzito. Kazi kubwa kama stuli au droo ningeziacha kiangazi, Juni na kuendelea, na wakati wa mvua nikabaki na vikopo.

Stuli ikikauka kwa kugusa bado haijawa tayari. Ipe wiki mbili tatu kabla ya mtu kuikalia au kuwekea kitambaa, la sivyo kitambaa kitanasa, na ukikivuta utabandua na ua.